Baiskeli ya Kukunja na Fundi Aliyekataa Kupanda

Nyinyi vijana mliobaki pale karakana mnanipigia simu kuniuliza kama mapumziko ni matamu. Ni matamu. Asubuhi naamka kwa adhana, naswali, narudi kitandani, na hakuna mtu anayenigongea dirisha akiwa na gurudumu begani. Mke wangu anasema nimeanza kunenepa. Magoti yangu hayasemi kitu, na kwa magoti yangu, kunyamaza ni shukrani.

Mmeniuliza pia ilikuwaje nikaacha ghafla, maana kila mwaka nilisema naacha na kila mwaka mlinikuta pale pale na spana yangu. Kujibu kwa simu ni kazi ndefu, na salio lenyewe mnalijua. Basi naandika. Hamtasoma hapa nililipwa nini wala nani aliniita fundi mkuu, kwa sababu ukuu wenyewe ulikuwa haki ya kukaa upande wenye kivuli. Nitaandika kazi yenyewe, nimwandike Kasimu mchomeleaji, halafu baiskeli ndogo ya kukunja iliyonitoa kazini kwa amani.

Nilianza nikiwa kijana, hapo hapo mtaani Buyenzi, kwa Mzee Selemani. Baba yangu ndiye aliyenipeleka, baada ya mimi kufungua baiskeli ya jirani na kushindwa kuifunga. Alinishika mkono mmoja, jirani akanishika wa pili. Mzee Selemani alinitazama kama mtu anayetazama gurudumu lililopinda, akiwaza kama linafaa kunyooshwa au kutupwa.

"Unajua kukaa?" aliniuliza.

"Ndio, mzee."

"Basi kaa apa. Osha izi."

Akanipa kopo la gololi zilizokuwa zimelowekwa kwenye mafuta ya taa. Niliosha, nikakausha, nikazipanga juu ya kitambaa. Alasiri akaja, akazipitisha kwenye kiganja, akafumba macho. "Moja inakwaruza," akasema. "Itafute." Niliitafuta mpaka jua likazama na sikuiona. Leo naamini haikuwepo, mzee alitaka tu karakana iwe kimya. Lakini tangu siku ile kiganja changu kinajua gololi nzuri na mbaya bila kuuliza macho, kwa hiyo sina ugomvi naye.

Mzee alikuwa na desturi mbili ambazo nyinyi mmezikuta na pengine hamjui zilitoka wapi. Ya kwanza ni kuvisha baiskeli. Baiskeli mpya ikitoka dukani, hata kama rangi yake bado inanukia, mwenyewe aliileta kwetu kabla hajapakia hata ndoo ya maji. Tuliiongezea vyuma: viwili kwenye uma wa mbele, vingine nyuma chini ya kiti, na kibebeo kipana cha ferabeto, zile nondo za kujengea. Baiskeli isiyovishwa, mzee aliiita mwari. Haikuruhusiwa kwenda popote peke yake.

Desturi ya pili ilikuwa kupanda. Aliyetengeneza ndiye aliyepanda kwanza, kabla ya mwenyewe, na alipanda mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Na akirudi ilikuwa lazima aseme kasoro moja. "Hakuna kinga isiyo na shida," mzee alikuwa akisema, maana hapa kwetu baiskeli huitwa kinga. "Fundi akishuka mudomo mutupu, ujue alikuwa anawaza chakula." Hata ungetengeneza vizuri namna gani, ulirudi na lawama: pedali inalia, usukani umekwenda kushoto kidogo, kiti kinauma. Kisha unarekebisha hicho kimoja, na baiskeli inaondoka.

Kasimu tuliingia naye mwaka mmoja. Mimi nilipewa magurudumu na minyororo, yeye akapewa moto. Alikuwa mkubwa wa mwili tangu ujana, mwenye mikono ya kushika tanuri, na alichomelea kwa upole ambao hukuutegemea kwa mtu wa umbo lile. Kazi yake ya kuvisha ilikuwa safi, ukipitisha kidole kwenye kiungo huhisi kitu. Mpaka leo kuna baiskeli za wabeba ndizi zinashuka kutoka milimani na vyuma alivyovitia Kasimu kabla nyinyi hamjazaliwa.

Wabeba ndizi ndio walikuwa kesi zetu ngumu. Mnawajua: mikungu mpaka mtu haonekani, mteremko mrefu, na breki ya nyuma ambayo ni soli ya ndala iliyofungwa kwa waya. Wakifika kwetu, ulikuwa huulizi kilichoharibika, unauliza kilichobaki. Niliwahi kumpokea mmoja aliyeshuka bila breki yoyote, akisimamisha kwa kisigino. Nikamwuliza kwa nini hakusimama juu kule atengeneze. Akasema ndizi zilikuwa zimeanza kuiva. Kwa wabeba ndizi jibu hilo linatosha kabisa.

Mdogo wake Kasimu, Yusufu, alikuwa mmoja wao. Alinunua baiskeli mpya, akaileta ivishwe. Wiki ile foleni ilikuwa ndefu, na Kasimu akamwambia ndugu wa fundi hapiti mbele ya wateja, angoje mpaka wiki inayofuata. Yusufu hakungoja. Alipanda mlimani na baiskeli yake mwari, akapakia kama wenzake, na kwenye mteremko kadre ikakatika katikati. Kadre ni ule mwili wa baiskeli, mabomba yanayoshika kila kitu. Tulimzika kesho yake. Ile baiskeli ililetwa karakana ikiwa vipande viwili, na Mzee Selemani akaiondoa mwenyewe, hakumwambia mtu alikoipeleka.

Tangu hapo Kasimu hakukaa tena juu ya baiskeli. Hakuna aliyemlazimisha, hata mzee. Na tangu hapo hakuna kitu kilichopita mbele yake bila kuongezewa chuma. Aliwahi kuvisha baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa chekechea, ikawa nzito hata baba yake akashindwa kuisukuma. Tulicheka, lakini tulicheka akiwa hayupo.

Lakini desturi ilibaki, na baiskeli alizovisha Kasimu zilihitaji mtu wa kuzipanda. Nikawa napanda mimi. Nilipanda zangu na zake. Mzee Selemani alipofariki nikaendelea kupanda, na nyinyi mlipokuja nikawaza mtanipokea. Haikuwezekana. Akiona kijana juu ya kazi yake, Kasimu anageukia ukutani, jasho linamtoka, na siku hiyo hachomelei tena. Ni mimi peke yangu ambaye Kasimu aliweza kumtazama akienda na kurudi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli miaka ya mwanzo sikuusikia uzito. Ulianza kunilemea kwenye magoti. Daktari alinikataza kupanda, mke wangu akanikataza kwa sauti zaidi ya daktari. Kila mwaka nilisema naacha, halafu nikawaza: nikiondoka, nani atapanda? Nikabaki.

Katikati ya miaka hiyo zikaja vitesi, yaani gia. Baiskeli za Ulaya, zilizotumika, zikashushwa na nguo za mitumba, nyuma zina rundo la meno na kile kimkono cha kusukuma mnyororo kutoka jino moja hadi jingine. Kipya kinyemi. Kila kijana wa mjini alitaka vitesi, na baada ya msimu mmoja wa vumbi na mmoja wa tope, kila kijana alizileta karakana. Sijapata kuzipenda. Zina waya mwembamba, zina chemchemi kama ya kalamu, na vipuri vyake havipo kwa maduka yetu ya Buyenzi. Huku chini mji ni tambarare, mtu anahitaji vitesi vya kumpeleka wapi? Polepole nikajulikana kuwa ni mzee anayeziondoa. Wengine waliniita hivyo kwa kejeli, mimi nikapokea kama cheo.

Basi sasa Goreti. Ilikuwa wakati ule petroli imeadimika kuliko kawaida yake, mabasi ya asubuhi hayaonekani, watu wanatembea kwa miguu kutoka kila kona ya mji. Alhamisi moja akaja mama mmoja, mkunga, anakaa Cibitoke na anafanya kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Mutanga Sud. Alikuwa amebeba mkononi kitu kama mkoba mkubwa wa chuma. Akakiweka chini, akafungua wenzo katikati, akakivuta, na kikawa baiskeli. Nyinyi mliacha nyundo, nakumbuka. Kasimu naye alivua miwani yake ya moto ili aone vizuri.

"Mzee, wananiambia we unaondoaka vitesi," Goreti akasema.

"Ndiyo raha yangu, mama. Inakusumbua namna gani?"

"Sheni inatoka. Kila siku inatoka. Jana ilitoka niko naikimbiza, nikaanguka." Akanionyesha mnyororo, kisha kiganja kilichochubuka. "Kaka yangu ndiye alinitumia iyi kinga. Nikifika kazini naikunja, naiweka mu chumba ya kubadilia manguo. Inje wanaiba zote, na muzamu wa ku mulango anakataza kinga ndani kama aikunjike."

"Unatumiaka vitesi ngapi?"

"Moja tu, ya katikati. Izo ingine zinaniogopesha."

"Basi izo ingine tutazitoa. Ile ya katikati itabaki."

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akaniambia kilichomleta kwa haraka. Amechelewa mara nyingi mno, na mwenzake wa zamu ya usiku hawezi kumwacha mama aliye na uchungu ili aende nyumbani, inabidi amngoje. Mkuu wao amemwonya kwamba akichelewa tena, nafasi yake anapewa mtu anayekaa karibu. Nyumbani ana mama yake asiyejiweza na watoto wawili, na wote wanaishi kwa kazi ile. Ijumaa na wikendi hana zamu. Jumatatu asubuhi anaanza. Nikamwambia aje Ijumaa jioni.

Nitawaeleza nilivyofanya, maana zitakuja nyingine. Kwanza ondoa kimkono cha nyuma, waya wake na kitufe cha kwenye usukani. Usivitupe, uviweke kwenye mfuko umrudishie mwenyewe, watu hupenda kuona kilichokuwa kinawatesa. Kisha lile rundo la meno. Limejifunga kwa kukanyagwa miaka yote, kwa hiyo ukizungusha chombo cha kulifungulia utaumia mkono bure. Kifunge chombo kwenye jiliwa, ukiwekee gurudumu juu, halafu ulizungushe gurudumu zima kama dereva wa lori anayekata kona. Litaachia kwa mlio unaotisha. Usiogope.

Mahali pake unafunga pinyo moja, yaani duara la meno, ile ya kawaida inayojizungusha. Hapa fikiri juu ya mtu, usifikiri baiskeli. Gurudumu dogo linazunguka mara nyingi, kwa hiyo ukitia pinyo kubwa mno mwenyewe atakanyaga kama cherehani na asifike. Ukitia ndogo mno, kule karibu na chuo kikuu, kwenye njia yake ya kazini, barabara inapoanza kupanda, atashuka na kusukuma. Nilichagua ya kati, kisha nikamkumbuka Goreti na kile kiganja, nikachukua iliyo kubwa kidogo zaidi. Afadhali akanyage kuliko asukume.

Mnyororo wa vitesi ni mwembamba, haukai kwenye pinyo zetu. Tia mpana. Mpana unakaa vizuri hata kwenye meno membamba ya mbele, lakini mwembamba haukai kwenye mapana, na wengi wenu mmeshindana na jambo hilo mpaka mkatukana. Kukata mnyororo nilikuwa bado natumia msumari mnene na nati ya Mzee Selemani, vifaa vya duka vinavunjika. Halafu simama nyuma, ufumbe jicho moja, uangalie kama mnyororo umenyooka kutoka mbele hadi nyuma. Wangu ulikuwa umekwenda ndani kidogo, nikaongeza washa moja, pete nyembamba ya chuma, chini ya pinyo.

Ukabaki ulegevu. Baiskeli ile haina mahali pa kuvutia gurudumu nyuma, ekseli inakaa kwenye tundu la wima, na mnyororo ulining'inia. Ukikata kiungo kimoja unakuwa mfupi, usipokata unaanguka. Nikachukua tupa, nikala chuma kidogo kwenye yale matundu, pande zote mbili sawasawa, ekseli ikarudi nyuma kiasi cha unene wa kucha. Mnyororo ukatulia. Zungusha pedali taratibu mpaka upate pale unapokaza zaidi, na pale ndipo upime, si pale unapolegea. Nilimaliza Ijumaa kabla ya sala, nikaikunja, nikaikunjua, nikafurahi kama mtoto. Nikamwonyesha Kasimu.

Baada ya sala nilikwenda kutoa pole kwa jirani aliyefiwa. Kasimu akarudi karakana.

Nilipofika jioni Goreti alikuwa ameshatangulia, amesimama mbele ya baiskeli yake, ameshika wenzo kwa mikono miwili. Haukutembea. Pande zote mbili za ile bawaba, pale kadre inapojikunja, kulikuwa na vipande vya ferabeto vimechomelewa kutoka bomba hadi bomba, safi kabisa, hata rangi imeshapakwa. Baiskeli ilikuwa imevishwa.

"Mzee, mbona aikunjike?" Goreti akaniuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nikamgeukia Kasimu. "We Kasimu! Si nilikuonyesha inajikunja?"

"Ulinionyesha."

"Sasa?"

"Sasa ndio maana nikaisudea." Hakuwa na haya, hakuwa na hasira. "Iyi kinga imeshakatika, Ramadhani. Walikata kadre yake kule kule kiwandani, wakaitia kifungo. Mutu anapanda kitu yenye kukatika? Apana. Mi siwezi kuiacha iende ivyo."

Nilikasirika. Nilikasirika hata nikasahau kwamba yule ni Kasimu. Nilimwambia maneno ambayo mlisikia na siyarudii hapa. Yeye alisimama tu, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nilijua nyoka wake kwa jina, lakini wakati ule nilikuwa namwona Goreti tu na Jumatatu yake.

Goreti ndiye aliyenisimamisha. Alimwangalia Kasimu kwa muda, pengine kama anavyowaangalia wanaume wanaosubiri nje ya chumba cha kujifungulia.

"Baba," akamwuliza, "we ulipoteza nani?"

Sisi wote tulikaa na Kasimu miaka na miaka, hakuna aliyemwuliza. Tulijua, kwa hiyo hatukuuliza.

"Mudogo yangu," Kasimu akasema. "Kadre ilikatika. Aliniomba nimuvishie kinga, nikamwambia angoje."

"Pole sana, baba. Pole." Akaujaribu tena ule wenzo. "Lakini kama aikunjike, muzamu ananifukuza, na nikiiacha inje wanaiiba, na nikikuya na miguu nachelewa. Nitafanya namna gani?"

Kasimu aliendelea kufuta mikono.

"Na sasa umenitia woga," Goreti akasema. "Mbele sikuwa naogopa iki kifungo. Sasa naogopa. Muzikate izi vyuma, nitarudi kesho. Lakini we mwenyewe, si mzee uyu, we utaipanda mbele yangu. Ukiipanda, nami nitaipanda. Ukikataa, basi, nitaiacha apa, na kazi nitaiacha."

Aliondoka kwa miguu kuelekea Cibitoke. Usiku ule sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi Kasimu alifika kabla yangu. Aliwasha mashine ya kukatia, ikalia kidogo, umeme ukakatika. Mnaujua umeme wetu, una akili zake. Lakini safari ile nilishukuru, maana ile mashine ina moto na haraka, na ikiteleza kidogo tu ingekula bawaba yenyewe, na bawaba iliyokonda ndiyo ingekatika kweli. Kasimu akachukua msumeno wa chuma. Alikata kwa mkono, taratibu, akisimama kupulizia vumbi na kutazama. Mimi nilimshikia baiskeli.

Hapo ndipo nilipoona alivyokuwa ameifanya kazi ile. Hakuigusa bawaba. Mtu mwingine angejaza moto pale pale kwenye kiungo na ingekuwa mwisho wake. Kasimu aliogopa bawaba kiasi kwamba hakuweza hata kuisogelea. Alipitisha vyuma nje yake, kama mtu anavyofungia banzi mguu uliovunjika, ameuacha mfupa peke yake. Tulipokata vyuma katikati, vipande vikabaki vimeshika mabomba huku na huku, vikawa vimeyaongezea unene pale pale panapobeba uzito, na bawaba ikawa huru. Nikavuta wenzo. Ukagoma. Nikavuta tena, bado ukagoma. Kasimu akanisogeza, akatia tone la mafuta, akangoja, akauvuta kwa vidole viwili. Ukafunguka. Baiskeli ikajikunja.

Tulikaa chini wote wawili. Nilicheka mpaka machozi, sijui nilikuwa nacheka nini. Nikapiga tupa zile ncha ili zisimchane mtu, nikaikagua pini ya bawaba, nikaitikisa kadre kwa nguvu zangu zote. Haikucheza hata kidogo.

Goreti alirudi mchana na mkoba wake wa kazi, kama mtu aliyekwisha kuamua kuamini. Akasimama kivulini.

Kasimu aliitazama ile baiskeli muda mrefu. Akaikunjua mwenyewe. Akabonyeza wenzo, akaubonyeza tena, akaupiga kwa kiganja. Akasema bismillahi, akarusha mguu.

Mnakumbuka jinsi barabara ilivyonyamaza. Mtu mkubwa vile juu ya magurudumu yale madogo, magoti karibu na masikio, kanzu imekunjwa kiunoni. Mahali pengine watu wangecheka. Pale kwetu kila fundi alijua habari ya Yusufu. Nyundo zikatulia kutoka karakana moja hadi nyingine, na nikasikia mnyororo wangu ukienda, bila kukwaruza, mpaka akafika mwisho wa barabara. Pale mwisho, mahali tunapogeukia siku zote, hakugeuka. Akakata kona akapotea.

Tukangoja. Goreti akanishika mkono bila kujua. Nilisikiliza kama kuna kishindo, kama kuna watu wanapiga kelele, nikasikia honi ya pikipiki tu. Nilianza kutembea kwenda kule kwenye kona, magoti yananiuma, nikawa najiambia maneno ya kumwambia mke wake.

Akatokea nyuma yetu, upande wa pili wa barabara. Alikuwa amezunguka mtaa mzima. Uso umelowa, jasho au kingine, sikuuliza. Akasimama mbele ya Goreti, akashuka, akafungua wenzo, akaikunja baiskeli vizuri na kumwekea miguuni. Kisha akanigeukia mimi, akiwa ametuna kama Mzee Selemani mwenyewe.

"Freni ya nyuma inalia," akasema. "Ikaze."

Ilikuwa kasoro yake ya kwanza tangu Yusufu afe. Nikachukua spana. Nilipoinama kukaza ile breki nilielewa kwamba naweza kwenda nyumbani.

Jumatatu Goreti alipiga simu kutoka kazini kusema kwamba amefika hata mwenzake hajaanza kukunja kanga zake, na kwamba mzamu, yule mlinzi wa mlangoni, ameomba kufundishwa kuikunja. Mpaka leo yupo kazini kwake. Mimi niliwapa funguo za sanduku langu wiki ile ile, na msumari na nati ya mzee nimewaachia, msivipoteze. Kasimu ndiye anayepanda sasa, zake na zenu, na msikasirike akirudi na lawama. Jioni mimi hukaa mlangoni na chai yangu. Wakati mwingine baiskeli inapita barabarani na breki yake inalia sana. Naisikia vizuri, halafu nakunywa chai.